Ethan Zohn: mlinda lango wa ligi za chini aliyefanya kabumbu kuwa somo la SIDA

Katika kabumbu kuna wachezaji ambao majina yao yanajulikana hata na mtoto wa miaka sita. Kuna wengine, na ndio walio wengi, wanaocheza ujana wao wote bila watu wa mji wa jirani kuwajua. Ethan Zohn, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1973 na kukulia Lexington, katika jimbo la Massachusetts, alikuwa wa kundi hili la pili. Alikuwa mlinda lango. Hakucheza katika ligi kuu ya nchi yake, wala hakuitwa katika timu kubwa ya taifa. Kama angeacha mpira akiwa na miaka 27, hakuna gazeti ambalo lingeandika habari hiyo.

Hata hivyo, leo kuna vijana wengi Zimbabwe, Zambia na Afrika ya Kusini ambao wamejifunza mambo ya virusi vya SIDA kwa kucheza michezo iliyotokana na kazi ambayo Zohn na wenzake watatu walianzisha. Baadaye yeye mwenyewe alishikwa na ugonjwa unaoogopesha watu. Hapo ikabidi afanye yale ambayo shirika lake lilikuwa linawaomba vijana wa Afrika wafanye: kutaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya watu.

Zohn alifiwa na baba yake akiwa na miaka 14. Kansa ndiyo iliyomuua. Kijana alisoma biolojia katika chuo cha Vassar, jimbo la New York, na huko alikuwa akisimama golini. Alimaliza masomo mwaka 1996, mwaka uleule ambao Marekani ilianzisha ligi yake kuu mpya ikiwa na timu 10 tu. Kwa nchi kubwa kama ile, nafasi za walinda lango zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Wengine wote walibaki katika ligi ndogo.

Ligi hizo ndogo za Marekani zina shida ambayo watu wa Afrika hawaielewi haraka. Kule timu haipandi daraja kwa kushinda, na haishuki kwa kushindwa. Inaishi mradi ina fedha, na fedha zikiisha inakufa, hata kama ilikuwa inafunga mabao. Zohn alipitia timu ya Hawaii Tsunami, ambayo haikudumu, na timu ya Cape Cod Crusaders karibu na nyumbani kwao. Mchezaji wa kiwango hicho hawezi kutunza jamaa kwa mshahara wa mpira peke yake. Wengi hutafuta kazi nyingine, na kazi iliyo karibu zaidi ni kufundisha. Zohn naye akawa kocha msaidizi katika Chuo Kikuu cha Fairleigh Dickinson, jimbo la New Jersey.

Lakini katikati ya safari hiyo alikwenda mahali ambapo Wamarekani wachache sana wamecheza: Bulawayo, mji wa pili wa Zimbabwe, katika timu ya Highlanders. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1926, watu huiita Bosso, inavaa nyeusi na nyeupe, na uwanja wake ni Barbourfields. Kwa watu wa Bulawayo, Bosso si timu tu. Ni kitambulisho cha mji mzima. Mchezaji wa Bosso akipita katika mtaa, watoto humfuata nyuma.

Namna Wamarekani walivyofika huko ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bobby Clark, aliyekuwa mlinda lango maarufu wa Aberdeen na wa taifa la Scotland, alikuja Bulawayo kufundisha Highlanders. Alikuja pamoja na jamaa yake. Mtoto wake Tommy alikuwa kijana mdogo, akapata marafiki na akaupenda mji. Baadaye baba alihamia Marekani kufundisha timu ya chuo cha Dartmouth. Tommy alikua, akacheza Dartmouth, kisha akarudi Bulawayo mwenyewe kucheza Bosso na kufundisha Kiingereza katika shule. Kiisha akasomea udaktari wa watoto.

Tommy Clark alirudi na jambo ambalo halikumtoka kichwani. Watu aliocheza nao walikuwa wanakufa, vijana wenye nguvu, na hakuna aliyesema ni nini kinachowaua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zimbabwe ilikuwa na karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne mwenye virusi vya SIDA. Mazishi yalikuwa mengi, lakini jina la ugonjwa lilifichwa. Ilisemwa ni kifua, ni malaria, ni maneno ya watu. Dawa za kupunguza nguvu ya virusi zilikuwa hazijawafikia raia wa kawaida, kwa hiyo wengi waliona hakuna faida ya kupimwa. Kupimwa ilikuwa kama kwenda kusomewa hukumu.

Daktari huyo alijiuliza swali la kawaida. Watoto wa Bulawayo wanamsikiliza nani? Hawakuwa wanasoma matangazo yaliyobandikwa katika hospitali. Muuguzi akija shuleni na picha zake, walikaa kimya wakingoja amalize. Lakini mchezaji wa Bosso akiwaambia wakimbie, walikimbia. Basi kwa nini wachezaji wenyewe wasiwe walimu?

Wakati wazo hilo linazunguka, Zohn aliingia katika jambo lingine kabisa. Mwaka 2001 alichaguliwa kushindana katika mchezo wa televisheni wa Marekani unaoitwa Survivor. Watu 16 walipelekwa katika hifadhi ya Shaba, kaskazini mwa Kenya, kuishi siku 39 kwa chakula kidogo na maji ya shida, wakitoana mmoja baada ya mwingine kwa kura. Msomaji wa Congo asichanganye: Shaba hii iko upande wa Isiolo, si lile jina la zamani la Katanga. Zohn alibeba kijimpira kidogo laini, kile ambacho vijana wa Marekani hupiga kwa miguu bila kukiacha kianguke.

Siku moja katikati ya mashindano alifika kwenye hospitali ya Wamba, katika nchi ya Wasamburu, mahali ambapo vifaa vya kupima virusi vya SIDA vilikuwa vinapelekwa. Nje kulikuwa na watoto. Zohn alitoa kile kijimpira, wakaanza kukipiga pamoja na kucheka, bila lugha ya kuelewana. Kiisha akaambiwa kwamba wengi wa watoto wale walikuwa na virusi. Alikuwa amecheza nao muda wote, na kwa macho hakuona tofauti yoyote. Ameeleza mara nyingi kwamba saa ile ndiyo iliyogeuza mawazo yake. Alikiacha kijimpira kwa watoto akaondoka.

Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2002, televisheni ilitangaza mshindi. Zohn alipata kura 5 kwa 2, na dola milioni moja. Alikuwa na miaka 28. Kwa mchezaji ambaye timu zake hazikuwa na fedha, huo ulikuwa mlango wa maisha mengine: matangazo ya biashara, sinema, nyumba nzuri. Na ukweli ni kwamba mtu anayeshinda kwa televisheni anasahauliwa haraka. Mwaka mmoja, miwili, watu wanapata uso mwingine wa kushangilia.

Zohn alitumia sehemu ya fedha zake, na zaidi ya fedha alitumia lile jina lake jipya wakati lilikuwa bado moto. Mwaka 2002, yeye, Tommy Clark, Kirk Friedrich na Methembe Ndlovu walianzisha shirika la Grassroot Soccer, ni kusema kabumbu la mashinani. Wote wanne walikuwa wamevaa jezi ya Highlanders. Haki itendeke katika kugawa sifa: wazo la kwanza lilikuwa la Clark, na bila Ndlovu, mtoto wa Bulawayo aliyesoma Dartmouth, wageni watatu wasingefika mbali. Ndlovu ndiye aliyeongoza kazi nyumbani, na baadaye akaanzisha pia timu yake ya Bantu Rovers. Zohn alileta fedha za mwanzo, alileta masikio ya Wamarekani, na alileta uzoefu wa mtu anayejua kufundisha kwa mpira.

Watu wakisikia neno ubunifu, hufikiri mashine. Kazi ya hawa haikuwa mashine. Walichukua mazoezi ambayo kila kocha anayajua wakayapa maana nyingine, mpaka mtoto anaelewa kwa miguu na mikono yake jambo ambalo hotuba imeshindwa kumwelewesha.

Mchezo mmoja unaitwa Tafuta Mpira. Vijana wanasimama katika mistari miwili, wakitazamana, bega kwa bega, mikono nyuma ya mgongo. Mstari mmoja unapitisha mpira mdogo wa tenisi nyuma ya migongo yao, upande huu na upande ule. Kocha akisema simama, mstari wa pili lazima useme ni nani aliye nao. Watoto wanaangalia sura. Wanamshuku anayecheka, wanamshuku anayetoka jasho, na mara nyingi wanakosea. Hapo kocha anauliza: kama mpira huu ungekuwa virusi vya SIDA, mngejua kwa kumtazama mtu? Ni jambo lile ambalo Zohn aliliona Wamba. Virusi haviandikwi usoni, na njia ya kujua ni kupimwa tu.

Mchezo mwingine ni wa kupitisha mpira kati ya koni. Kila koni ina jina: ulevi, wapenzi wengi, mwanaume mzee anayempa msichana zawadi, kulala pamoja bila kinga. Mchezaji akigusa koni katika duru ya kwanza, anapiga pompe yeye peke yake. Katika duru ya pili, timu yake yote inapiga pompe kwa sababu yake. Katika duru ya tatu, kila mtu aliye uwanjani anashuka chini, hata wale ambao hawakucheza. Baada ya hapo hakuna haja ya maneno mengi. Mtoto amechoka mikono kwa kosa la mwenzake, na anaelewa kwa nini ugonjwa wa mtu mmoja unafika kwa mke, kwa mtoto, kwa bibi anayebaki kulea wajukuu.

Mchezo wa tatu unaonyesha mwili wenyewe. Kijana mmoja anasimama katikati, yeye ni mtu. Wengine wanamzunguka kama walinzi, wao ni kinga ya mwili. Wengine wanarusha mipira, wao ni magonjwa, na walinzi wanaipangua. Halafu virusi vinaingia na kuwashika walinzi mikono. Mipira inaanza kumpiga mtu wa katikati. Kiisha dawa zinaingia, zinavishika virusi, na walinzi wanarudi kazini. Watoto wanaona kwamba virusi havikuondoka, lakini mtu amesimama tena.

Na kuna sehemu isiyo na mpira hata kidogo. Kocha anakaa chini na vijana na kuwaeleza habari ya maisha yake: ndugu aliyemuuguza, siku aliyoogopa kwenda kupimwa, kosa alilofanya. Ndiyo sababu makocha wa kazi hii ni vijana wa mtaa uleule, wanaosema lugha ileile na kucheza katika viwanja vilevile vya vumbi. Mmarekani mwenye dola milioni hawezi kuwaambia watoto wa Bulawayo kwamba anajua shida zao. Mtoto wa jirani anaweza.

Je, michezo inabadilisha kitu? Swali hilo ni la haki, kwani mashirika mengi huja na mipira na fulana, yakapiga picha na kuondoka. Huko Bulawayo kulifanywa utafiti katika shule 26. Kocha aliyetahiriwa alifanya kikao cha saa moja hivi na wavulana, akawaeleza habari yake mwenyewe, kisha akawasindikiza waliotaka kwenda hospitalini, kwa kuwa kutahiri kunapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi kutoka kwa mwanamke. Katika shule zilizopata kikao hicho, karibu wavulana 12 kwa 100 walikwenda kutahiriwa. Katika zile zisizokipata, hawakufika 5 kwa 100. Mtu anaweza kusoma hesabu hiyo kwa njia mbili. Walio wengi hawakwenda. Lakini waliokwenda walikuwa zaidi ya mara mbili, kwa saa moja na kocha mmoja.

Zohn mwenyewe alibaki mtu wa kutafuta fedha na kusema hadharani. Mwaka 2008 alitoka eneo la Boston mpaka Washington kwa miguu, akiupeleka mpira mbele yake barabarani, maili 550, ni kusema kilomita karibu 885. Mlinda lango kazi yake ni mikono, lakini safari hiyo aliifanya kwa miguu, mji kwa mji, akieleza Wamarekani habari za SIDA katika Afrika.

Mwaka uliofuata mwili ulimkataa. Ngozi ilikuwa inamwasha, usiku alilowa jasho. Mwezi wa ine 2009, akiwa na miaka 35, waganga walimwambia ana kansa ya Hodgkin, tena ya aina isiyo ya kawaida. Kansa hiyo inashika chembe za damu zinazolinda mwili, walewale walinzi ambao vijana wa Bulawayo waliwaigiza kwa kushikana mikono. Na baba yake alikuwa amekufa kwa kansa.

Angeweza kunyamaza. Mtu anayeishi kwa sura na nguvu zake ana sababu za kuficha. Katika Marekani pia wako watu wanaosema kansa kwa sauti ya chini, na wako wanaoogopa kupoteza kazi wakijulikana. Lakini kwa miaka saba alikuwa amesimama mbele ya watu akisema kwamba ukimya unaua, kwamba mtu apimwe, ajue, aseme, apate msaada. Maneno hayo yalikuwa rahisi alipokuwa mzima. Sasa yalimrudia.

Zohn alisema. Alionyesha matibabu yake kwa video, na nywele zake nyingi za kujikunja, ambazo watazamaji walizikumbuka tangu Shaba, zilipoanguka hakuzifunika. Dawa kali hazikutosha. Mwanzoni mwa 2010 alipandikizwa chembe za uboho zilizotolewa katika mwili wake mwenyewe. Kazi hiyo inataka kwanza kuua kinga yote ya mwili, mpaka mgonjwa anakaa chumbani peke yake kwa siku nyingi akiogopa hata mafua ya mgeni. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule alikimbia marathoni ya New York. Watu walishangilia, wakafikiri habari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 2011 kansa ilirudi. Mwaka 2012 alipandikizwa mara ya pili, na sasa chembe zilitoka kwa kaka yake. Safari hii matibabu yalifanya kazi. Anaishi leo akiwa na kinga iliyotoka katika damu ya ndugu yake. Tangu hapo kazi yake imekuwa ya pande mbili: SIDA na kansa, viwanja na hospitali. Mwaka 2020, Wamarekani walimwona tena katika Survivor, shindano la washindi 20 wa zamani. Hakushinda. Siku moja alipanda na kushuka mlima akibeba magogo mpaka karibu azimie, akainuka akamaliza.

Ni vizuri pia kusema kile ambacho tofauti za nchi hazifichi. Zohn alipougua alikuwa New York, karibu na hospitali kubwa za kansa duniani. Mchezaji wa Bosso aliyeugua mwaka 1999 hakuwa na kitu. Kusema ugonjwa wako kunasaidia pale ambapo baada ya kusema kuna mlango wa kugonga. Ndiyo maana dawa za SIDA zilipofika kwa wingi katika nchi za kusini mwa Afrika, kazi ya makocha nayo ilibadilika. Kocha wa 2003 aliwaambia vijana wajikinge. Kocha wa leo anawaambia pia kwamba mwenye virusi anayemeza dawa kila siku anaweza kuishi miaka mingi, kuoa, kuzaa mtoto asiye na virusi.

Kama mchezaji, Ethan Zohn hakuacha rekodi. Timu zake mbili za Marekani watu wengi hawazikumbuki, na Bosso imekuwa na walinda lango bora kuliko yeye. Alichokipata katika ligi za chini ni kitu ambacho nyota wa ligi kubwa mara nyingi hawakipati: alijifunza kuzungumza na watoto wa mtaa bila ulinzi na bila kamera, akiwa na mpira mmoja. Fedha za televisheni zilikwisha kama fedha zote. Makocha wa Bulawayo bado wanapanga mistari miwili kila wiki, mikono nyuma ya mgongo, na watoto bado wanakosea kumtaja aliye na mpira.